Kasi na Kishindo: Uhakiki wa Ufundishaji wa "Knecht Ruprecht" ya Robert Schumann kwa Wanafunzi wa Ngazi ya Kati

"Knecht Ruprecht" ni kipande cha 12 katika Album für die Jugend, Op. 68, mkusanyiko wa vipande 43 ambao Robert Schumann aliutunga mwaka 1848, akianzia na vichache alivyomwandikia bintiye Marie kwa siku yake ya kuzaliwa. Katika mapokeo ya Kijerumani, Ruprecht ni mfuasi wa Mtakatifu Nikolao, mwenye sura ya kutisha, anayewahoji watoto kuhusu mwenendo wao. Ni mazoea ya walimu kuanza somo kwa kisa hicho, kisha kumwachia mwanafunzi acheze kwa nguvu na kasi. Sehemu hii inayapinga mazoea hayo.

Kisa chenyewe hakina kosa. Hata hivyo, kinapotangulia, mwanafunzi huitafuta hofu katika kishindo, ilhali Schumann ameiweka kwingine: mikono miwili inakwenda pamoja upande wa chini wa piano, ikitengana kwa oktava moja, nota nne kwa kila pigo. Huko nyuzi ni nene na mwangwi wake hukawia kuzimika. Kidole kimoja kikichelewa, au pedali ikikanyagwa ovyo, nota hugeuka ngurumo isiyo na umbo. Anayechelewa, aghalabu, ni mkono wa kushoto, uliozoea kusindikiza tu katika vipande vya awali.

Kwa hiyo kazi ianze na mkono huo peke yake, polepole, bila pedali, hadi nota zilingane. Ndipo wa kulia ujiunge, tena kwa sauti ndogo kuliko ya kushoto. Kwa kijana wa miaka 12 zoezi hili linachosha, na mwalimu asimfiche hilo.

Sehemu ya kati, katika F meja, ndiyo inayopuuzwa zaidi. Sauti imeshuka, na wanafunzi huipitia mbiombio ili wakirudie kishindo, kana kwamba ni mapumziko. Kwa maoni ya mtafiti, hapo ndipo penye hatari: mgeni hajatoka chumbani, ameanza kunong'ona. Mwanafunzi asiyeweza kucheza nota za haraka kwa sauti ndogo hajakimudu kipande hiki, hata akipigiwa makofi. Mtahini wa piano atege sikio hapo kwanza, kabla ya kuitolea kasi alama yoyote.