Ziwa Kivu Ndani ya Kompyuta

Katika mtambo wa KivuWatt, katika Mkoa wa Magharibi wa Rwanda, maji yenye gesi huvutwa kutoka mita 355 chini ya uso wa Ziwa Kivu. Gesi ikishatolewa, maji hayo hurudishwa ziwani katika kina cha mita 240. Namba hizo mbili zinaonekana kuwa jambo la mafundi tu. Ukweli ni kwamba zinamgusa mvuvi wa Goma, mama anayeuza samaki wa isambaza Kamembe, na hata mkulima wa Gitambi kwenye vilima vya wilaya ya Rusizi, ambaye akiunganishwa na gridi ya taifa anatumia umeme unaotokana kwa sehemu na gesi ya ziwa hilo na kwa sehemu na mto unaotoka humo.

Kivu si ziwa la kuchezea. Lina kina cha mita 485, na katika vilindi vyake zimeyeyuka takriban kilomita 300 za ujazo za kaboni dayoksidi na 60 za methani, zikipimwa kama gesi iliyo hewani. Gesi hiyo yote inashikiliwa chini na uzito wa maji yaliyo juu yake. Wakameruni wanajua kinachotokea uzito huo unaposhindwa. Agosti 15, 1984 Ziwa Monoun liliua watu 37, na Agosti 21, 1986 Ziwa Nyos lilitema wingu la kaboni dayoksidi lililoua watu wapatao 1,700 pamoja na mifugo yao. Nyos ni dimbwi ukililinganisha na Kivu, na kandokando ya Kivu wanaishi watu wapatao milioni 2.

Kwa hiyo kuna sababu mbili za kutoa methani: kupata umeme na kupunguza hatari. Lakini utoaji wenyewe ukifanywa vibaya unaweza kuvuruga mpangilio uleule unaoifanya gesi itulie. Hapa ndipo ugumu ulipo. Shamba unaweza kulijaribia mbolea kwenye robo ekari kabla ya kuimwaga ekari zote. Ziwa Kivu ni moja tu, nchi mbili zinaligawana, na makosa yakishafanywa kwenye vilindi vyake hakuna anayeweza kuyarekebisha katika umri wake. Jaribio lilipaswa kufanyika mahali pengine, na mahali hapo pakawa kompyuta.

Modeli inayotumika sasa inaitwa Kivu-Simstrat. Imetokana na Simstrat, programu ya maziwa iliyoendelezwa Uswisi, na wataalamu wa taasisi ya utafiti wa maji ya Eawag, miongoni mwao Fabian Bärenbold na Martin Schmid, waliirekebisha ifae ziwa hili la pekee. Ni modeli ya mstari mmoja tu, toka juu hadi chini. Haina mashariki wala magharibi, haina Bukavu wala Gisenyi. Ziwa linakatwa matabaka ya ulalo, moja juu ya jingine, na kwa kila tabaka kompyuta hukokotoa joto, chumvi, kaboni dayoksidi na methani, kisha husogeza saa mbele kidogo na kukokotoa upya.

Kurahisisha huko kuna msingi. Vipimo vimeonyesha kwamba ukishuka chini ya maji ya juu, hali ya mita 300 upande wa Kongo karibu inalingana na ya mita 300 upande wa Rwanda. Penye tofauti kubwa ni Ghuba ya Kabuno, kaskazini-magharibi, ambayo imetengwa na ziwa kuu na mlango mwembamba na ina kaboni dayoksidi nyingi karibu sana na uso wa maji. Ghuba hiyo inahitaji hesabu zake.

Fizikia ya Kivu inashangaza hata waliozoea maziwa. Kwa kawaida maji ya moto huelea na ya baridi huzama. Kivu iko kinyume: sakafuni joto ni takriban nyuzi 26, ilhali karibu na mita 80 hushuka hadi chini kidogo ya 23. Maji hayo ya moto hayapandi kwa sababu yamejaa chumvi na kaboni dayoksidi, ambazo huyafanya mazito. Methani kwa upande wake huyafanya mepesi, ila uzito wa hizo mbili unaishinda. Vyote hivyo huletwa au kuchochewa na chemchemi za chini ya ziwa, zinazoingia kimyakimya katika vina mbalimbali na kuyasukuma maji ya juu yake polepole mno. Kati ya tabaka na tabaka pameundwa ngazi nyembamba, mamia yake, ambamo joto hupita haraka kuliko chumvi. Katika mita 260 hivi kuna ukuta mkuu: juu yake maji ya katikati, chini yake hazina ya methani.

Waundaji wa Kivu-Simstrat walijiuliza kwanza swali gumu: je, modeli inaweza kulijenga ziwa hili tangu mwanzo? Walianza na ziwa la kubuni lililochanganyika lote, lisilo na matabaka, wakafungulia chemchemi na hali ya hewa, wakaliacha liende miaka 2,000. Lililotokea lilifanana na ziwa halisi. Huo ni mtihani mkali kuliko kulinganisha mistari ya miaka michache, kwa kuwa modeli yoyote yenye vitufe vingi inaweza kulazimishwa kufuata data ya muda mfupi.

Sasa turudi kwenye bomba. Maji yaliyotolewa gesi yana njia tatu za kurudi. Ya kwanza, iliyo rahisi kwa mjenzi, ni kuyamwaga juu. Lakini maji ya kilindini yamejaa fosforasi, amonia na sulfaidi ya hidrojeni. Yakifika kwenye mwanga, mwani utaota kwa fujo, oksijeni itapungua, na isambaza watakosa pa kuishi. Ya pili ni kuyarudisha katikati, juu kidogo ya ukuta mkuu. Virutubisho havifiki juu kwa haraka na maji yenye methani nyingi hayachanganywi na yaliyokwisha kukamuliwa, ila kiasi cha maji ya chini kinapungua na ukuta unashuka taratibu, jambo linalohitaji kufuatiliwa mwaka hadi mwaka. Ya tatu ni kuyarudisha kulekule yalikotoka. Matabaka yanahifadhiwa vizuri, lakini methani inazimuliwa, na kadiri miaka inavyopita kampuni inavuta maji mengi kwa gesi kidogo.

Kila njia ina anayefaidika na anayelipa. Modeli huchukua uamuzi wa binadamu (kina cha kuvuta, kina cha kurudisha, kiasi kwa sekunde, idadi ya mitambo), kisha huuendesha miongo kadhaa mbele na kuonyesha ukuta uko wapi na virutubisho vimefika wapi. Hesabu za namna hii ndizo zilizoweka msingi wa miongozo ya usimamizi wa gesi ya Kivu iliyoandaliwa na jopo la wataalamu mwaka 2009 kwa ajili ya Rwanda na Kongo. Miongozo hiyo inaweka usalama wa watu mbele ya kila kitu, kisha mazingira, ndipo matumizi mazuri ya methani. KivuWatt yenye megawati 26 ilijengwa baada yake, na mita zake 240 ni njia ile ya pili.

Ziwa hili lilishawahi kufanyiwa jaribio bila hesabu yoyote. Kati ya 1958 na 1960 samaki wadogo wa Ziwa Tanganyika, Limnothrissa miodon, walimwagwa Kivu ili kuwapa watu kitoweo, maana vijidudu vinavyoelea majini vilikosa samaki wa kuvila. Walistawi, na leo ndio isambaza wanaovuliwa usiku kwa mitumbwi mitatu iliyofungwa pamoja na kuwashwa taa. Walipostawi, kijidudu kikubwa cha jamii ya Daphnia kikatoweka. Mwaka 1986 mtaalamu Mbelgiji Henri Dumont alihoji hadharani kama hilo lisingekuwa janga jingine la mazingira barani Afrika. Uvuvi haukuanguka kama ilivyohofiwa. Lakini kupona kwa bahati hakuwezi kuwa sera, hasa ukijua kwamba hali ya maji ya juu ndiyo inayolisha samaki hao.

Hata hivyo modeli haijui zaidi ya inacholishwa, na Kivu inatoa ushahidi mzuri kuliko mahali pengi. Mjerumani Klaus Tietze alipima gesi ya ziwa miaka ya 1970. Vipimo vya 2004 vilipolinganishwa na vyake, vilionekana kuonyesha kwamba methani imeongezeka kwa hadi asilimia 15 katika miaka 30. Makala iliyochapishwa 2005 ikaonya kwamba gesi ingeweza kukaribia kiwango cha kujaa ndani ya karne hii. Onyo hilo lilisambaa, likasukuma mijadala ya usalama na pia ya biashara: gesi inaongezeka, basi tuikamue.

Mwaka 2018 timu za nchi mbalimbali zilikutana ziwani, kila moja na mbinu yake ya kupima. Lengo lilikuwa kushinda tatizo la zamani: chupa ya maji ikivutwa kutoka mita mia kadhaa, shinikizo hupungua na gesi hutoroka kabla ya kufika maabara. Matokeo yalitangazwa 2020, na hayakuunga mkono ongezeko lile. Viwango vilikuwa karibu sawa na vya Tietze, kwa hiyo hatari ya mlipuko haionekani kupanda mwaka hadi mwaka. Hatari yenyewe ipo palepale, na jirani yake ni volkano ya Nyiragongo iliyoteketeza sehemu ya Goma Januari 2002 na kulipuka tena Mei 22, 2021. Ila hoja ya kuharakisha uchimbaji kwa sababu gesi inajaa imepoteza mguu mmoja. Kwa maoni ya safu hii, hilo ndilo tukio kubwa katika historia yote ya modeli za Kivu, na lilitokana na chupa na mirija.

Wanasayansi wa Bukavu wamechangia sehemu ambayo haisifiwi vya kutosha. Fabrice Muvundja wa Taasisi ya Ualimu ya Bukavu, ISP, pamoja na wenzake, walipima virutubisho vinavyoletwa na mito inayoingia ziwani. Mwaka 2014 walichapisha modeli ya kimo cha maji ya Kivu kwa miongo saba iliyopita. Humo unakuta mvua, mvuke, mito, chemchemi, na pia mkono wa mtu, kwani maji hutiririka kutoka ziwani kwa njia moja tu, mto Rusizi, na tangu mwishoni mwa miaka ya 1950 njia hiyo ina lango: bwawa la Rusizi I. Chini yake ikafuata Rusizi II mwaka 1989. Anayeamua kufungua au kufunga huko anabadilisha ufuko mzima hadi Gisenyi.

Lakini watu hawa wa lango na wa bomba wanaingia kwenye modeli za Kivu kama namba tu. Mvuvi hayumo. Modeli haijui kwamba samaki wakipungua baadhi watahamia kilimo, wengine watatumia nyavu za matundu madogo, wengine watavua wakati Rwanda imefunga uvuvi ili samaki wazaliane. Inajibu ziwa litafanya nini, haijibu watu watafanya nini.

Kwamba watu wanaweza kuingizwa kwenye modeli tumeshaliona Kajiado, Kenya. Michael Coughenour wa Chuo Kikuu cha Colorado State alitunga modeli ya SAVANNA, inayokokotoa mvua, nyasi, miti na wanyama, na aliitumia mapema kwa malisho ya Turkana. Baadaye Randall Boone na wenzake waliiunganisha na modeli nyingine, DECUMA, ambamo kila kaya ya wafugaji ina hesabu yake: maziwa yakitosha inakunywa, yasipotosha inauza mbuzi na kununua unga, mambo yakizidi inategemea jamaa au msaada. Nyasi zinaamua hali ya kaya, na kaya zinaamua hali ya nyasi. Kazi hiyo ilichapishwa 2011. Kanuni zake zilitokana na mahojiano ya muda mrefu na kaya za Wamaasai, si na kubahatisha mezani.

Kivu inahitaji ndoa ya aina hiyo sasa, maana mitambo ya gesi inaongezeka. Kigali na Kinshasa zikubaliane kwamba hakuna bomba jipya litakaloshushwa, upande wowote, kabla halijapitishwa kwenye modeli moja inayotambuliwa na nchi zote mbili. Kwamba vipimo vya 2018 vinarudiwa kwa ratiba na fedha za kudumu. Na kwamba kaya za wavuvi, kutoka Rubavu hadi Rusizi na kutoka Goma hadi Bukavu, zinahojiwa na kuingizwa ndani ya hesabu. Na matokeo yatolewe kwa Kinyarwanda na Kiswahili, yabandikwe kwenye mialo ambako isambaza hupakuliwa, ili wanaoishi na ziwa hili wayasome na kuyahoji.