Arusi ya Mambrui, Watazamaji wa Maskati: Kulisaka Kosa la Picha Inayokwama

Malalamiko huja kwa WhatsApp, na huwa ni yale yale: "Picha yakwama." Arusi iko Mambrui, kaskazini ya Malindi. Shangazi wa bi arusi yuko Maskati, ami yake yuko Jeddah, na wote wanataka kuiona nikaha inaposomwa, si kesho yake. Vyombo ni kamera moja, laptopu moja ya Linux, simu inayotoa mtandao na akaunti ya YouTube. Walio uani hutoa jibu kabla fundi hajatazama lolote: ni mtandao huo. Mara nyingi si mtandao. Aliyekwisha kuamini kwamba ni mtandao atabadilisha laini, atanunua bando jingine, na picha itaendelea kukwama.

Kosa la aina hii mimi hulisaka kwa FFmpeg, programu iliyoanzishwa na Fabrice Bellard mwaka 2000 na ambayo hadi leo imo ndani ya programu nyingi za kugeuza video, ingawa wanaozitumia hawaioni. Ninaipendelea kwenye dirisha la amri kwa sababu moja: inasema kila inachokifanya. Programu za vitufe huyaficha maelezo hayo, na asiyeyaona hubaki kugeuza faili upya kila mara akitumaini kwamba safari hii itakubali. Kila unapobana picha upya unaipunguzia ubora, na kosa huenda halikuwa kwenye picha hata kidogo.

Matangazo yanapoendelea, chini ya skrini kuna mstari unaojiandika upya:

frame= 4120 fps= 21 q=28.0 size=   30976KiB time=00:02:44.80 bitrate=1539.8kbits/s speed=0.86x

Wengi hutazama bitrate. Mimi nakwenda moja kwa moja mwisho, kwenye speed. 0.86x ina maana kwamba sekunde moja ya arusi inahitaji zaidi ya sekunde moja kuondoka kwenye laptopu. Kwa mwendo huo, saa nzima ikipita matangazo yatakuwa yamechelewa kwa dakika nane na zaidi. Simu ya shangazi haina akiba ya kuziba pengo hilo, kwa hiyo anachokiona ni picha kuganda, kuruka, kisha kuganda tena.

Namba hiyo hushuka chini ya 1 kwa sababu mbili, na kwenye mstari huu hazitofautiani. Huenda prosesa haiwahi kubana picha kwa kasi inayotakiwa. Au mtandao haumezi kinachotolewa, na ffmpeg inasimama kusubiri nafasi. Kuzitenganisha hakuhitaji kubahatisha: simamisha matangazo, kisha endesha amri ile ile, lakini mwishoni ondoa anwani ya seva na uweke `-f null -`. Kazi yote itafanyika, picha itabanwa kama kawaida, ila matokeo hayapelekwi popote. Kama speed imepanda hadi 1x, laptopu ni nzima na lawama ni ya mtandao. Kama imebaki pale pale, mtandao hauna hatia.

Mambrui ilibaki pale pale. Kamera ilikuwa ikitoa picha ya 1920 kwa 1080, na amri ilikuwa imeachiwa kiwango cha kubana cha `medium`, kizuri kwa faili la kuhifadhi lakini kizito kwa laptopu ya zamani inayokimbizana na saa. Juu ya hayo kulikuwa na joto. Laptopu iliwekwa chini ya turubai, saa nane mchana, mwezi wa Januari, imelala juu ya kitambaa cha meza kilichoziba matundu yake ya hewa. Prosesa ikipata moto hujipunguzia kasi yenyewe ili isiungue, na haimwambii mtu. Amri ya `sensors` huonyesha nyuzi joto zake, na ndiyo ya kwanza kuiendesha kwenye arusi yoyote ya mchana huku pwani.

Dawa yake ilikuwa nyepesi. Kamera ikashushwa hadi 1280 kwa 720 kwenye menyu yake yenyewe, kwa sababu kuipunguza picha ndani ya ffmpeg kungeiongezea kazi prosesa ile ile iliyolemewa. Kiwango cha kubana kikawa `veryfast`. Laptopu ikainuliwa juu ya vipande viwili vya mbao na feni ikaelekezwa upande wake. Speed ikapanda hadi 1x. Wapo watakaosikitikia 1080, lakini kwa biti 1500k kwa sekunde picha ya 720 inapendeza zaidi: pikseli ni chache, na kila moja inapata fungu la kutosha.

Laptopu ikishapona, ndipo zamu ya mtandao. Hapa watu hupima kasi ya kupakua, inayovutia, wakasahau ya kupakia, ambayo ndiyo inayoibeba arusi. Tena hupima asubuhi. Baada ya Alasiri uani pamejaa wageni, kila mmoja anaweka picha za bi arusi kwenye status, na wote wanapakia kupitia mlingoti mmoja. Mimi huchukua kiwango cha chini kabisa nilichokipima, wala si wastani, kisha natumia nusu yake. Sehemu ya amri inayohusika ni hii:

-c:v libx264 -preset veryfast -b:v 1500k -maxrate 1500k -bufsize 3000k -g 50 -pix_fmt yuv420p -c:a aac -b:a 96k

Bila `-maxrate`, kasi ya biti hutulia kadhi anapozungumza, kisha hupanda ghafla kina mama wanapoingia na vugo, vitambaa vikipepea na mikono ikienda juu, kwa maana kila kinachotikisika kinagharimu biti. Picha itakwama hapo hapo, kwenye kilele cha shughuli. Nayo `-g 50` huweka fremu kamili kila baada ya fremu 50, yaani kila sekunde mbili kwa kamera ya fremu 25. Fremu nyingine zote hueleza tu kilichobadilika. Seva za matangazo huikata video vipande vipande, na kila kipande lazima kianze kwa fremu kamili. Ukiiacha x264 ijiamulie, inaweza kukaa hadi fremu 250, sekunde kumi nzima, ilhali YouTube haitaki zipite nne.

Kuna siku kosa liko mbali zaidi ya mlingoti. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari upande wa Afrika Kusini, intaneti ikazorota Kenya, Tanzania na majirani. Siku kama hiyo kilichobaki ni kuipunguza `-b:v` na kuomba radhi. Amri ya `mtr` huonyesha pakiti zinapotelea hatua gani ya njia, ila isomwe kwa uangalifu: upotevu unaotokea hatua moja katikati na kutoweka zinazofuata si kitu, unaohesabika ni ule unaoendelea hadi mwisho wa safari.

Mambrui nako stima ikapotea. Laptopu ina betri, lakini kifaa kilichokuwa kikirekodi nakala ya pili kilikuwa kwenye umeme wa nyumba, na faili lake la MP4 likakataa kufunguka. Ffmpeg ilisema maneno machache: `moov atom not found`. Hili ndilo kosa linalowatoa watu machozi bure, kwa kuwa picha zote zimo. MP4 ni kama kasha la arusi ambalo orodha ya vilivyomo huandikwa mwisho, kasha linapofungwa. Umeme ukikatika kabla ya kulifunga, vitu vimo ndani lakini orodha haipo, na hakuna programu ya kuchezea video inayojua fremu ipi inaanzia wapi. Kuligeuza faili hilo hakuwezekani, maana kugeuza kunataka kwanza kulisoma. Programu ndogo iitwayo untrunc huitunga orodha upya kwa kulinganisha faili bovu na faili zima la kifaa hicho hicho, lililorekodiwa kwa mipangilio ile ile. Kwa hiyo nakala fupi ya majaribio, hata ya dakika moja, isifutwe mpaka kazi ikabidhiwe.

Kinga yake ni bora kuliko tiba. Matroska, yaani faili la mkv, huandikwa kwa namna ambayo likikatika katikati bado linasomeka hadi pale lilipokatikia. Laptopu yenyewe inaweza kurusha na kuhifadhi kwa mbano mmoja:

-flags +global_header -f tee "[f=matroska]arusi.mkv|[f=flv:onfail=ignore:use_fifo=1:fifo_options=drop_pkts_on_overflow=1]rtmp://..."

Pamoja nayo lazima utaje kwa `-map` picha na sauti zinazotumwa. Maneno yaliyo ndani ya mabano ya pili ndiyo ulinzi wenyewe. Mtandao ukifa, `onfail=ignore` huliacha faili la mkv liendelee; ukizubaa tu, pakiti za matangazo hutupwa badala ya kuisimamisha kazi nzima. Maskati watakosa sekunde chache, lakini nyumbani haipotei hata moja. Baada ya shughuli, faili huhamishwa kasha bila kuguswa picha:

ffmpeg -i arusi.mkv -c copy -movflags +faststart arusi.mp4

Inachukua muda wa kunakili faili tu. `+faststart` huileta ile orodha mbele, na ami wa Jeddah huanza kutazama kabla faili halijashuka lote.

Video za simu za wageni zina ugonjwa wake: sauti inaachana na midomo kadiri dakika zinavyosonga. Simu nyingi hazirekodi fremu kwa mwendo mmoja. Ffprobe, ndugu ya ffmpeg, hulionyesha hilo pale `r_frame_rate` na `avg_frame_rate` zinapotofautiana, na hapa kubana upya ni halali: `-fps_mode cfr -r 25 -af aresample=async=1`.

Familia ilileta pia kanda za MiniDV za arusi ya mama. Hewa ya pwani huziotesha kanda ukungu, kwa hiyo zikaguliwe kabla ya kuingizwa mashineni. Dvgrab huzinakili kupitia waya wa FireWire kama zilivyo, takriban gigabaiti 13 kwa saa. Picha yake ni 720 kwa 576, na kila fremu ni nusu mbili zilizopigwa kwa nyakati tofauti, mistari ya witiri na ya shufwa. Kwenye skrini za leo mama akigeuka, ukingo wa leso yake unakuwa na meno kama ya kitana. Hapo hutumika `-vf "bwdif=parity=bff,scale=768:576,setsar=1"`. Utaratibu huo una maana. DV huanza na nusu ya chini, na ndiyo kazi ya `bff`. Ukiikosea, watu watatembea kwa kurudi nyuma na kwenda mbele. Tena bwdif, kichujio kinachoyaondoa meno hayo, lazima itangulie scale. Anayebadilisha ukubwa kwanza huichanganya mistari ya nusu mbili, na hakuna kichujio kitakachoitenganisha tena. Itabidi arudi kwenye faili la DV, kama hakulifuta ili apate nafasi.