Kongole kwa Wapimaji Malisho

Mvua ikikosekana Wajir, Kenya, mara nyingi imekosekana Borana ya Ethiopia na Gedo ya Somalia pia. Ukame haujui mpaka. Kwa hiyo nawapa kongole watafiti wa ILRI, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa mifugo iliyoko Nairobi, na wenzao wa Ethiopia kwa bima yao ya mifugo. Setilaiti hupima ukijani wa malisho. Yakipungua kupita kiwango, mfugaji aliyekata bima hulipwa, bila afisa kuja kuhesabu mizoga ya ngamia. Ilianza Marsabit 2010, ikavuka hadi Borana 2012, ikafika Wajir 2013 kwa mfumo wa takaful, unaofuata sharia ya Kiislamu. Hapo ndipo ninapowavulia kofia: waliwasikiliza wafugaji Waislamu. Baadaye serikali ya Kenya iliieneza hadi Garissa na Mandera. Kupitia DRIVE, mradi wa Benki ya Dunia, Somalia na Jibuti nazo zimeingia.