Kuamrisha Kitu na Kuunda Kitu

Mwanafunzi aanzaye kujifunza lugha ya JavaScript kwa njia ya mchezo huandika sentensi yake ya kwanza katika hali ya kuamuru. Katika CodeCombat, mchezo uliotolewa Marekani mwaka 2013, anakuta gereza la chini ya ardhi liitwalo Kithgard, shujaa mmoja na kito kinachometa. Huandika “hero.moveRight()”, na shujaa akaenda kulia, huandika “hero.moveDown()”, naye akashuka. Jina la kitu, nukta, jina la kitendo, mabano: sarufi yote ya siku ya kwanza ni hiyo, na mtoto wa miaka kumi huishika kabla ya kengele kulia.

Sisi hatuidharau furaha ile. Tunachouliza ni jambo jingine. Walimu wenzetu, ambao katika shule zisizo na mwalimu wa fani hiyo huachiwa ufunguo wa chumba cha kompyuta, huambiwa kwamba mtoto akiumaliza mchezo kama huu amekwisha jifunza kuandika programu kwa misingi ya vitu. Saa za kompyuta ni chache, na watoto watatu hugawana kinanda kimoja. Yafaa basi tujue ni nini hasa alichojifunza.

Fikra yenyewe ilizaliwa Norway katika miaka ya 1960, pale Ole-Johan Dahl na Kristen Nygaard walipotunga lugha ya Simula. Kwa ufupi, kitu hubeba pamoja sifa zake na vitendo vyake. Brendan Eich alipotunga JavaScript mwaka 1995 kwa ajili ya kampuni ya Netscape, aliifuata fikra hiyo kwa njia ya pekee: kitu hurithi kutoka kwa kitu kingine kilicho kiolezo chake. Neno “class” liliingizwa rasmi katika lugha hii mwaka 2015, lakini chini yake violezo vingali vikifanya kazi ile ile.

Tukirudi Kithgard, hatuna budi kuusifu mchezo kwa jambo moja lililobuniwa kwa akili nyingi. Shujaa hawezi kutenda ila kwa vifaa alivyo navyo. Viatu ndivyo vimpavyo uwezo wa kwenda. Miwani ndiyo impayo uwezo wa kumtafuta adui aliye karibu. Mtoto huona kwa macho kwamba kitendo ni mali ya mwenye kitendo, na kwamba kumwamuru mtu jambo asiloliweza ni kupoteza maneno. Vitabu vingi vya watu wazima hulieleza jambo hili kwa kurasa tatu, na msomaji asiambue kitu.

Lakini kuna badiliko lililofanywa humo ambalo mwalimu wa lugha hawezi kulipita kimya. Katika miaka ya mwanzo ya mchezo huu, mtoto hakuandika “hero”. Aliandika “this”, neno ambalo katika JavaScript hufanya kazi kama neno “mimi” linywani mwa msemaji: maana yake hutegemea nani anayetenda. Baadaye neno hilo liliondolewa, likawekwa jina la shujaa. Bila shaka wepesi ulipatikana. Hata hivyo, ni kama kumfundisha mtoto kusema “Juma anataka maji” siku zote, kwa kuwa “mimi” humchanganya: leo mimi ni Juma, kesho mimi ni Asha. Humchanganya kweli, na kila mtoto hupita hapo. Lakini asiyepita hajaanza kusema.

Kwa haki, hata toleo la kwanza halikumfikisha mbali, maana mtoto aliandika “this” bila kuona mwili wa yule anayesema. Shujaa aliundwa na wengine, akafungwa, akaletwa. Katika masomo ya baadaye ya mchezo huo huo mwanafunzi hutunga michezo yake kwa kuita “game.spawnXY”, lakini aina za vitu huchaguliwa kutoka katika orodha iliyokwisha tengenezwa. Game Lab ya Code.org humpa uhuru zaidi: mtoto huita “createSprite”, kisha hubadili sifa za umbo lake moja moja, mahali lilipo, kasi yake, sura yake. Hapo pana faida, na hatuna zaidi la kusema juu yake. Kiwanda bado kimefungwa.

Mlango hufunguliwa katika masomo ya Khan Academy, ambayo yalianza kufundisha JavaScript mwaka 2012. Humo kuna mchezo wa biva, yule mnyama wa mitoni ambaye hukata miti kwa meno, akirukaruka kuokota vijiti. Mwanafunzi huandika mwenyewe biva ni nini: ana mahali, ana sura, ana hesabu ya vijiti. Kisha huandika kuruka ni nini, na ndani ya kitendo hicho husema “this.y”, yaani “kimo changu mimi”. Halafu hutoka nje, na kutoka huko huamuru “beaver.hop()”. Katika ukurasa mmoja amekuwa msemaji na amekuwa mwamrishaji. Vijiti navyo huundwa vingi kwa neno “new”, kila kimoja na mahali pake. Sisi twaona kwamba kipimo cha jukwaa lolote la namna hii ni hicho: je, mwanafunzi husimama pande zote mbili za nukta?

Kasoro zake zipo. Maandishi yake ni ya mtindo wa kabla ya 2015, na sauti ya mwalimu hueleza mengi huku mtoto akitazama. Hakuna adui mlangoni wa kumwamsha anayesinzia.

Mtu atauliza kama ngeli zetu haziwezi kusaidia hapa. Kidogo tu. Ngeli huamuru upatanisho wa maneno yaizungukayo nomino; haiumbi vitabu kutoka katika “kitabu”. Linalotusaidia zaidi ni kwamba JavaScript hudai maneno yake machache tu. Majina ya vitu, sifa na vitendo ni hiari ya mwandishi. Aamrishaye kitu cha wengine hutumia majina ya wengine. Aundaye chake anaweza kukiita ngalawa, na sifa yake akaiita kasi.

Kwa hiyo, baada ya Kithgard, twapendekeza kazi moja katika ukurasa mtupu wa kivinjari cha kawaida. Mwanafunzi aandike kiunda cha ngalawa chenye sifa ya “this.kasi”, aunde ngalawa mbili, moja ya kasi 2, nyingine ya kasi 5, kisha azishindanishe. Zikishakwenda, aondoe “this” kila mahali, abakize “kasi” peke yake. Maadamu hakuiwekea programu yake masharti makali, kompyuta haitalalamika. Ngalawa zote mbili zitakwenda kwa 5, kasi ya ile iliyoundwa mwisho, na mtoto mwenyewe ndiye atakayeuliza: kasi ya nani?