Boila ya Kuni Isiyoyumba

Gesti yoyote ya Njombe itakuambia ina maji ya moto, na Julai, jalidi ikiwa imeshika majani, utataka kuamini. Lakini pipa lolote lenye moto chini yake hutoa maji ya moto. Boila nzuri hujulikana kwa kutulia: mgeni wa kwanza na wa mwisho waoge maji yaleyale.

Ukitaka kuikagua, anza na kipimajoto chake. Kitumbukize kwenye sufuria ya maji yanayotokota. Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huchemka kwenye nyuzi 93 hivi. Makambako, chini kidogo, nyuzi 94 na ushee. Kikisoma 100 kamili, hicho kinadanganya, na kila koki inayorekebishwa kwa kukitazama itakosewa.

Kisha tazama juu ya tangi. Bomba la kupumulia liwe wazi, lisizibwe wala kufungwa koki. Likikosekana, na valvu ya usalama imeshika kutu, usijadiliane bei, ondoka. Ndani ya tangi maji yafike nyuzi 60, bakteria wa Legionella wasizaliane. Joto hilo huunguza ngozi kwa sekunde chache, hivyo yachanganywe na ya baridi kabla ya kufika bafuni.

Sasa mwamkie mzee wa kuni, umwangalie akifanya kazi. Mabanzi ya misonobari kutoka viwanda vya mbao ni rahisi, ila huwaka kwa pupa: joto linaruka, linaporomoka. Magogo makavu ya mikaratusi au miwati huacha makaa ya kudumu. Fundi wa kweli haongezi kuni kila sindano ya kipimajoto ikishuka. Anagusa kwanza mlango wa hewa, anaufungua upana wa kidole, anasubiri. Moshi mweupe mzito ni kuni mbichi. Mweusi ni moto ulionyimwa hewa.

Njombe, pima alfajiri kabla moto haujachochewa. Tangi lililoachwa na nyuzi 65 usiku likiwa bado na 55, limefunikwa vizuri. Likiwa na 35, kuni zinapasha upepo. Makambako, kwenye njia panda ya Songea na barabara kuu ya Zambia, pima usiku, madereva wa malori wanapooga kwa mpigo, na upime kwenye bafu lililo mbali kuliko yote.