« Anzisha » na « Wezesha »: Uhakiki wa Istilahi za Kuamuru Huduma za Kompyuta

Mwaka 2010 Lennart Poettering na Kay Sievers walitoa systemd, programu ambayo leo husimamia huduma katika mifumo mingi ya Linux. Msimamizi huitawala kwa kuandika amri fupi: systemctl, kisha kitenzi, kisha jina la huduma. Katika amri ya zamani, service, jina lilitangulia na kitenzi kikafuata. Mpangilio mpya unakaribia sentensi ya Kiswahili ya kuamuru. Mfasiri angetarajia kazi nyepesi. Ugumu umo katika vitenzi vyenyewe.

« Start » huiamsha huduma papo hapo, wala haisemi neno juu ya kesho. « Enable », kwa upande wake, haiamshi kitu: huweka kiungo katika diski ili huduma ianze kila mara kompyuta inapowashwa. Tafsiri iliyozoeleka, « wezesha », haidokezi tofauti hiyo. Mwanafunzi anayeisoma hudhani kwamba huduma tayari inafanya kazi. Mwenzake, « lemaza », apotosha zaidi: kitenzi hicho chahusiana na kilema, ilhali huduma iliyopewa amri ya « disable » pekee huendelea bila dosari mpaka isimamishwe au kompyuta izimwe.

Kosa hili si la kamusi tu. Mahali umeme unapokatika mara kwa mara, huduma iliyoanzishwa bila kupewa desturi ya kuanza hutoweka pamoja na umeme. Asubuhi kompyuta huamka, lakini hifadhidata ya maktaba haiamki. Tena hakuna onyo, maana hakuna kilichoharibika. Aliyefuata agizo lililofasiriwa vibaya hubebeshwa lawama ya mfasiri.

La ajabu ni kwamba Kiswahili kina chombo kinachofaa. Kiambishi hu- ni cha desturi. -Na- ni cha tendo linaloendelea. « Huduma huanza » na « huduma inaendelea » ni kauli mbili zisizochanganywa na mzungumzaji yeyote. Ripoti ya « status » yenyewe hutenga mambo hayo: mstari mmoja hueleza kama huduma imepangiwa kuanza, mwingine kama inafanya kazi wakati huo. Hata chaguo la --now, linalounganisha « enable » na « start » katika amri moja, lathibitisha kwamba ni matendo mawili.

Kwa hiyo jozi ya « anzisha » na « simamisha » yafaa kubaki kwa tendo la sasa, na jozi ya « zoeza » na « achisha » ichukue nafasi ya « wezesha » na « lemaza ». Huenda ikapingwa kwamba huzoezwa mtu au mnyama, si mashine. Pingamizi hilo ni dhaifu: hata « huduma » ilikuwa kazi ya mtu kabla ya kupewa mashine. Istilahi njema haipimwi kwa ugeni wake masikioni, bali kwa kosa inalomwepusha msomaji.