Weusi wa Gari la Wafiwa

Daimler DS420 lilitengenezwa Uingereza kuanzia 1968 hadi 1992, na kwa miaka yote hiyo lilikuwa hasa gari la watu wa aina mbili: wakubwa wa dola na wafiwa. Sakafu yake ni ya Jaguar 420G iliyorefushwa kwa takriban sentimita 53, na gari zima linapita mita tano na nusu. Kampuni za mazishi ziliyapenda magari haya. Limuzini zilibeba familia ya marehemu. Mengine yaliuzwa bila bodi ya nyuma, mafundi wakayaundia sehemu ya kulaza jeneza. Yaliyobaki leo yameshapita mikononi mwa wengi, na anayenunua moja hununua pia mikwaruzo yake yote.

Mikwaruzo hiyo ina asili zake. Chini ya vitasa ni kucha na pete za watu waliofungua mlango bila kutazama. Lakini mingi zaidi ilitokana na usafi. Gari la mazishi husafishwa karibu kila linapotoka, na likishaegeshwa nje ya kanisa dereva hulipangusa tena kwa kitambaa kikavu ili wenye msiba wasilikute na vumbi. Chembe ya mchanga ikiburutwa chini ya kitambaa huchana rangi. Heshima ileile waliyofanyiwa wafu ndiyo iliyolichakaza gari, na mimi hilo hunigusa kuliko kutu yoyote.

Juani, mikwaruzo ya namna hii huonekana kama utando wa buibui uliolizunguka jua. Kwa kweli imelala kila upande. Ile tu inayokingama na njia ya mwanga ndiyo inayometa, na jicho likaiunganisha kuwa duara. Kwenye gari jeupe usingeiona kwa urahisi. Rangi nyeusi hairudishi mwanga wake wa kuificha.

Fundi mzuri wa kazi hii haanzi na mashine. Huosha gari, akalisugua kwa udongo maalumu unaonasa uchafu uliogandamana, kisha huchukua kipimo cha unene wa rangi na kupita nacho kila mlango. Rangi ya kiwandani kwa kawaida haizidi sana mikroni 100 hadi 150, yaani kumi au kumi na tano ya sehemu mia za milimita moja. Gari la umri huu huenda lilipigwa rangi upya upande mmoja na upande mwingine halikuguswa, kwa hiyo namba hupanda na kushuka. Halafu huweka polishi kidogo kwenye kitambaa cheupe na kusugua mahali pasipoonekana. Kitambaa kikitoka cheusi, ajue hakuna klia, lile tabaka angavu la juu: anagusa rangi yenyewe. Akilowesha mkwaruzo kwa maji ukapotea, ni wa juujuu. Ukucha ukinasa, umekwenda chini.

Hapo ndipo ustadi ninaousifu huanza kuonekana. Fundi huchagua kipande kidogo cha boneti na kukijaribu kwa dawa laini kuliko zote alizonazo. Ikishindwa, hupanda daraja moja tu. Msasa wa maji namba 2000, kisha 3000, hutumika kwa mikwaruzo michache iliyokataa, na mahali pake hubaki pamefifia kijivu kiasi kwamba mwenye gari akiingia wakati huo anaweza kupiga kelele. Mistari ya bodi na kingo za milango huzibandika tepu, maana pale rangi ni nyembamba na mashine huila upesi. Mkono mmoja huongoza mashine polepole. Mara kwa mara huisimamisha na kuweka kiganja juu ya bati kusikiliza joto.

Bati likishang'aa, wengi wangeishia hapo. Yeye hulifuta kwa spiriti. Mafuta ya polishi hujaza mikwaruzo na kumdanganya mtazamaji, kwa hiyo huyaondoa, akazima taa za karakana na kumulika kwa kurunzi kutoka ubavuni. Kilichobaki hukirudia, au hukiacha.

Kuacha ndiko kugumu zaidi. Upo mkwaruzo ambao kuumaliza kunataka rangi ambayo kipimo kinasema haipo. Fundi huutia rangi kwa brashi nyembamba, akalainisha kingo zake ili zisimete, na kuunyamazia. Anajua kwamba baada ya miaka mingine fundi mwingine atahitaji kitu cha kufanyia kazi. Ndiyo maana nikilitazama gari lililotoka mikononi mwake, kwanza huuliza mikroni ngapi zimebaki.

Mwishoni hupaka nta, kisha humpa dereva masharti: ndoo mbili, moja ya sabuni na moja ya kusuuzia; taulo laini lililolowa; na vumbi la nje ya kanisa liachwe palepale hadi gari lirudi bandani.